Kuuza Mali ya Mzazi Aliyefariki: Funzo la Shamba la Al-Ghaba

 

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi nimeitwa katika nyumba za Mwembesongo, Kichangani na Mji Mpya, hapa Morogoro Mjini, kusoma khitma ya arobaini. Mara nyingi dua ikishaisha na sahani zikishakusanywa, mmoja wa watoto wa marehemu hunijia na kuninong'oneza kwamba nisiondoke, kuna jambo la mirathi. Nikitoka uani navikuta vitu vimekwishapangwa: kitanda, baiskeli, redio, mabati yaliyobaki, jembe na masufuria. Wanunuzi wamekwishafika. Watoto waliotoka Dar es Salaam wanaangalia saa kwa sababu wana basi la jioni pale Msamvu. Ninachotakiwa ni kupiga hesabu tu: mjane apate thumuni, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, kisha tusome Faatiha na watu watawanyike.

Hesabu hiyo ni ya Qur'ani na haina shaka. Shaka iko katika yale yanayotangulia hesabu. Na mimi ninayeandika haya nimewahi kukosea hapo hapo, katika mali ya baba yangu mzazi.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani hapa mjini kwa zaidi ya miaka 30. Alifariki mwaka 2009. Mimi ndiye mtoto mkubwa, na katika ndugu zangu mimi ndiye niliyekaa chini ya masheikh nikasoma. Siku ya arobaini tuliuza cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na vitambaa vyote vilivyokuwa kabatini. Alinunua fundi mwenzake kwa bei ya jumla. Kabla ya Magharibi tulikuwa tumegawana, kila mtu na haki yake, bila ya senti kupotea.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja kutoka Mgeta, Mkristo, muuza kabichi na karoti pale Soko Kuu. Alimwachia marehemu kitambaa cha nguo za harusi ya binti yake, pamoja na shilingi 60,000 alizoogopa kupanda nazo gari. Hakuwa na karatasi, lakini alijua rangi ya kitambaa na idadi ya mita. Tulikuwa tumekiuza.

Nitarudi kwenye habari hii mwisho. Kwanza tuangalie walivyofanya waliotutangulia kwa wema.

MPANGILIO ALIOUWEKA ALLAH (S.W.)

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Allah (S.W.) anapotaja mafungu ya warithi anarudia mara kwa mara kwamba mafungu hayo huja baada ya kutekeleza wasia na kulipa deni. Kwa hiyo wanazuoni wameipanga mali ya marehemu katika hatua nne: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mirathi. Deni limetangulizwa mbele ya wasia kwa kauli ya wanazuoni wote, ingawa wasia umetajwa mwanzo katika aya.

Mtume (s.a.w.) alilipa deni uzito mkubwa. Aliletewa jeneza la mtu mwenye deni asilolitengea malipo, akajizuia kumswalia hadi Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Yeye mwenyewe (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri pishi 30. Basi haki ya mdai haiangaliwi dini yake.

Wengi tunayajua haya kwa kichwa. Linalotupata taabu ni namna ya kuyatenda, pale mali ilipo ni shamba na nyumba wala si fedha, wadai hawajulikani wote, na warithi wana haraka. Historia imetuhifadhia mfano mmoja ulioelezwa kwa urefu, nao umo katika Sahih Bukhari, kwenye mlango wa baraka ya mali ya mpiganaji. Ni habari ya Abdullah bin Zubayr (r.a.) alipoisimamia mali ya baba yake.

ZUBAYR (R.A.) NA DENI LAKE

Zubayr bin Al-Awwam (r.a.) aliuawa mwaka 36 Hijria, sawa na mwaka 656 Miladia, siku ya vita vya Ngamia karibu na Basra. Kabla ya hapo alimwita mwanawe Abdullah, akamweleza kuwa anajiona atauawa siku hiyo kwa kudhulumiwa, na kwamba jambo linalomhangaisha zaidi ni deni lake. Akamwamuru auze mali na kulipa. Akausia thuluthi, na sehemu ya thuluthi hiyo akaiweka kwa wajukuu zake, watoto wa Abdullah. Akamwambia kuwa akishindwa na jambo lolote la deni hilo amtake msaada Mola wake. Abdullah hakuelewa amekusudia bwana gani, akauliza. Baba akamjibu kuwa ni Allah. Abdullah anasimulia kuwa kila alipobanwa na deni lile alimwomba Mola wa Zubayr amlipie, naye akamlipia.

Deni lenyewe lilitokana na uaminifu. Watu walikuwa wakimletea Zubayr mali awawekee amana. Yeye alikataa kuipokea kama amana na kuifanya mkopo juu yake, kwa kuchelea isipotee. Ajuaye fiqhi anaelewa maana yake: amana ikipotea bila ya uzembe, mwenye kuishika halipi, lakini mkopo hulipwa kwa hali yoyote. Zubayr alijitwisha dhamana ili mali za watu zisalimike. Abdullah alipohesabu, deni lilifika 2,200,000.

Dinari na dirhamu taslimu hazikuwepo. Aliacha ardhi, ikiwemo Al-Ghaba iliyo nje ya Madina, nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Hakim bin Hizam (r.a.) aliposikia habari ya deni alisema haoni kama wataliweza, akamwambia Abdullah amwombe msaada akishindwa. Kama sisi tungekuwa mahali pa Abdullah, pengine tungeuza shamba lote kwa mnunuzi wa kwanza.

ABDULLAH ALIVYOUZA

Al-Ghaba ilikuwa imenunuliwa na Zubayr kwa 170,000. Abdullah aliiuza kwa 1,600,000. Alifikaje hapo? Hakuliuza shamba kwa mkupuo mmoja. Riwaya inaonesha kuwa kila fungu lilithaminiwa kwa 100,000, kwa hiyo shamba zima lilikuwa mafungu 16. Kisha akatangaza kuwa kila mwenye haki kwa Zubayr aje amkute pale pale Al-Ghaba.

Akaja Abdullah bin Ja'far (r.a.) aliyekuwa akimdai Zubayr 400,000. Akajitolea kusamehe. Abdullah akakataa. Akasema basi acheleweshwe awe wa mwisho kulipwa. Abdullah akakataa pia. Ndipo akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akakatiwa na kuoneshwa mpaka wake, kutoka hapa hadi pale.

Yakabaki mafungu manne na nusu. Abdullah akaenda kwa Muawiya (r.a.), na waliokuwepo ni Amr bin Uthman, Mundhir bin Zubayr na Ibn Zam'a. Mundhir akachukua fungu moja kwa 100,000, Amr moja, na Ibn Zam'a moja, kwa bei ile ile. Lililobaki, fungu moja na nusu, akalichukua Muawiya kwa 150,000. Baadaye Abdullah bin Ja'far naye alimuuzia Muawiya sehemu yake kwa 600,000.

Msomaji amwangalie Mundhir. Huyu ni mtoto wa marehemu, ni mrithi. Alipotaka kipande cha ardhi ya baba yake hakukichukua kwa sababu ni cha baba. Alikilipia bei iliyotajwa mbele za watu, sawa na wengine.

Deni lilipokwisha, watoto wa Zubayr wakamtaka Abdullah awagawie mirathi yao. Akaapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba mwenye kumdai Zubayr aje alipwe. Mahujaji walikuja kutoka kila upande, na mikoba ya Zubayr ilikuwa imefika Misri na Iraq. Kila mwaka akanadi. Miaka minne ilipopita akatoa thuluthi ya wasia na kugawa iliyobaki. Wajane walikuwa wanne, na kila mmoja alipata 1,200,000.

Mwishoni riwaya inataja kuwa mali yote ilikuwa 50,200,000. Ukikokotoa kwa kuanzia fungu la wajane utapata zaidi ya hapo, na Ibn Hajar ameijadili hesabu hii kwa urefu katika Fat-hul Bari. Moja ya kauli alizozitaja ni kuwa kiasi hicho ni cha siku ya kufariki, na ziada ni mapato ya ardhi katika miaka ile minne ya kungoja. Ikiwa ni hivyo, subira ya Abdullah haikuwapunguzia warithi kitu, bali iliwaongezea.

Wanazuoni hawakuifanya miaka minne kuwa sharti. Warithi wana haki ya kudai mafungu yao deni linalojulikana likishalipwa, na ndugu zake Abdullah waliridhia. Linalochukuliwa hapa ni asili ya jambo: mali ya marehemu haigawiwi kabla ya kutangazwa kwa wadai.

Mfano wa pili ni wa Umar bin Al-Khattab (r.a.). Alipochomwa kisu mwaka 23 Hijria alimtaka mwanawe Abdullah ahesabu deni lake, likafika 86,000 au karibu na hapo. Akamwagiza alipe kutoka katika mali ya ukoo wa Umar. Isipotosha aombe kwa Bani Adiy, na isipotosha aombe kwa Maquraishi, asivuke hapo. Wapo wanazuoni waliosema kuwa nyumba iliyoitwa Darul Qadhaa mjini Madina ilipata jina hilo kwa sababu iliuzwa ili kulipa deni lake.

KUNADI SI AIBU

Baadhi ya familia huona haya kuita watu na kunadi vitu vya mzazi, wakaona ni heshima zaidi kumuuzia jirani mmoja kwa siri. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alinadi tandiko na bakuli la Answari aliyekuwa fukara. Mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili, akamuuzia. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Mnada unafaa zaidi katika mali ya marehemu kwa sababu unaondoa tuhuma kati ya ndugu.

Lakini ziko nyuso za haramu ndani yake. Ya kwanza ni najshi, yaani mtu kupandisha bei bila ya nia ya kununua ili amhadae mwingine. Ya pili ni msimamizi kujiuzia mwenyewe mali ya yatima. Kwa madhehebu yetu ya Shafi haifai, isipokuwa kwa baba na babu. Ya tatu ni kuuza ardhi au nyumba ya yatima bila ya haja au faida iliyo wazi.

Kuna pia vitu visivyokuwa vya marehemu. Masufuria, kabati na cherehani ya mama huingizwa katika mnada kwa kuwa vilikuwa nyumba moja na vya baba. Ni wajibu kumuuliza mjane na kuvitenga vyake kwanza. Nyumba nayo isiuzwe ikamtoa ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi.

Ama kanzu, bakora, msahafu na vitabu vya baba, ambavyo kila mtoto anatamani kimoja cha kumkumbukia, hivi navyo ni mirathi. Warithi waliobaleghe wakiridhiana wapeane, hakuna ubaya. Akiwepo mtoto mdogo, fungu lake lithaminiwe na kuwekwa, kwa kuwa yeye hana ridhaa. Hukumu hiyo hiyo inahusu chakula cha arobaini. Kuwalisha watu ng'ombe aliyenunuliwa kwa mali yenye fungu la yatima ni katika yale aliyoyatahadharisha Allah (S.W.) katika aya ya 10 ya Surat An-Nisaa. Maimamu tuliseme hili kabla sahani haijafika mbele yetu.

ULUGURU: MALI YA MAREHEMU NI IPI?

Hapa kwetu liko swali linalotangulia mnada, nalo ni nini hasa alichomiliki marehemu. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ya mlimani kwa mila ni ya lukolo, yaani ukoo, na mtoto humtazama mjomba wake. Mwanamume aweza kulima shamba la ukoo wa mkewe miaka 40, na akifa ardhi ikarudi kwa wenyewe. Hata katika utawala, mwanamke kurithi si jambo geni hapa: Stanley alipopita mwaka 1871, mji wenye ngome chini ya milima hii ulikuwa wa Simbamwene, binti wa Kisabengo Mzigua aliyeujenga.

Mila hii na faradhi hugongana siku ya arobaini. Mtoto wa mjini anataka kuuza shamba la mlimani kwa kuwa baba alililima. Wajomba nao wanataka nyumba ya Kihonda kwa kuwa marehemu ni wa ukoo wao. Naona kila upande unavuka mpaka. Shamba alilopewa mtu kulitumia tu si milki yake, na haki ya kuazimwa hukatika kwa kifo, hivyo watoto hawana cha kuuza isipokuwa kile alichokipanda au kukijenga kwa mali yake. Nyumba aliyoijenga mjini kwa jasho lake ni milki yake kamili, nayo ni ya warithi waliotajwa na Allah (S.W.). Mjomba na mtoto wa dada hawamo ndani yake wakiwepo watoto wa kiume.

Hata hivyo sheria haikuwafungia mlango. Anayejua deni lake la wema kwa mjomba aliyemlea amwandikie wasia ndani ya thuluthi angali hai. Na aya ya 8 ya sura hiyo hiyo inahimiza jamaa wasiorithi wanaohudhuria ugawaji wapewe chochote na kuambiwa maneno mazuri. Nimeona ugomvi wa miaka ukizimwa kwa kanzu moja na kauli njema.

MAHAKAMA NA TANGAZO

Upande wa Tanzania Bara mahakama za makadhi zilifutwa mwaka 1963, kwa hiyo sheikh hutoa fatwa na kupiga hesabu, lakini msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Wapo wanaoukwepa mlango huo kwa kudhani ni wa kidunia tupu. Watazame kanuni za usimamizi wa mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971: maombi hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na msimamizi hutakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu Na. 5, kisha hesabu za ugawaji katika Fomu Na. 6. Kutangaza, kuorodhesha, kulipa, kisha kugawa: mwana wa Zubayr angeutambua utaratibu huu.

Pamoja na hilo, tangazo la mahakamani halimfikii muuza karoti wa Mgeta. Linalomfikia ni la msikitini baada ya Ijumaa, la sokoni, na la mlangoni pa duka la marehemu.

MWISHO WA HABARI YA BABA

Siku ile nilimkaribisha yule mama ndani, na sikuwa na la kumwambia. Niliisomesha hadithi ya Al-Ghaba kwa wanafunzi mara nyingi, lakini ilipofika zamu ya baba yangu sikutangaza hata siku moja.

Nikaita ndugu zangu. Tukalitafuta daftari la marehemu, tukalikuta kwa dada yangu Kihonda, mjukuu amekwishachora magari katika kurasa zake. Jina la mama yule lilikuwamo kwa mwandiko wa baba, pamoja na zile 60,000. Yalikuwamo na majina mengine matatu.

Hukumu ni kuwa deni likidhihiri baada ya kugawana, warithi hulibeba kwa kadiri ya mafungu yao, na wakikataa ugawaji unavunjwa. Tukarudisha, kila mmoja kwa fungu lake. Mama yangu mjane alitoa thumuni ya deni katika fedha aliyokwisha kuiweka kwa ajili ya dawa zake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kitambaa kilikuwa kimekwishashonwa na kuuzwa, tukalipa thamani yake. Harusi yenyewe ilikwishapita, na binti alivaa nguo ya kuazima. Hilo hatukuweza kulilipa. Tuliomba radhi, na yule mama alisamehe.

Baada ya hapo ndipo tulipotangaza, Ijumaa nne mfululizo, msikitini na sokoni. Wakaja watu wawili zaidi. Wa mwisho alilipwa mwaka 2011.

Ndugu zangu maimamu na wanafunzi, tukiitwa uani siku ya arobaini tusianze na thumuni na mafungu mawili. Tuulize kwanza: daftari la marehemu liko wapi? Nani alikuwa na kitu chake humu ndani? Imetangazwa wapi, na mara ngapi? Majibu yasipokuwepo, basi la jioni liondoke na wenye haraka, na mali ibaki ilipo.

Tunamwomba Allah (S.W.) awalipie wazee wetu madeni yao, awasamehe wao na sisi, na atujaalie tuwe warithi wema wa amana zao kabla ya kuwa warithi wa mali zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.